Nataka kuotesha majani ya kutia kwenye chai na mchuzi barazani, nianze na nini?

MgeniKawempe

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimeolewa huku Kampala, tunakaa Kawempe kwenye vyumba vya kupanga, vile vya mstari ambavyo milango yote inatazama ua mmoja. Nimechoka kwenda Kalerwe kila nikitaka fungu la dania. Unanunua leo, kesho kutwa limegeuka uji ndani ya mfuko, na friji sina. Nanaa ndiyo usiseme, ukiipata asubuhi jioni imeshalala.

Nilichonacho ni baraza la saruji lenye upana wa hatua mbili hivi, linatazama kaskazini (mume wangu ameangalia kwenye simu), madumu mawili ya lita 20 yaliyopasuka mdomo, na makopo ya rangi. Mama mwenye nyumba anafuga kuku, kwa hiyo mbolea ni ya bure. Shida ni kwamba na kuku wenyewe wapo, wanaparua kila kitu.

Ninataka dania, nanaa, mchaichai, mrehani na rozimari. Si biashara, ni ya sufuria yangu tu na chai ya jioni.

Rozimari tayari ninayo moja. Niliinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara ikiwa imejaa vizuri, inanukia hadi mlangoni. Sasa majani ya chini yanageuka kahawia na ukiyagusa yanapukutika. Namwagilia kila asubuhi bila kukosa. Jirani mmoja anasema ina kiu, niongeze na jioni. Mwingine anasema imetiwa jicho, huyo nimemwacha na lake.

Nianze na nini? Udongo nitoe wapi, maana uani kwetu ni moramu iliyoshindiliwa, hata jembe linadunda? Na hizi mbegu za paketi zenye picha nzuri zina ukweli wowote?

KijanaWaMalaba

Dada, paketi achana nazo kwa dania. Nenda duka lolote la viungo, ulizia dania nzima, ile ambayo watu wanasaga kwa pilau. Ya shilingi mia tano inakutosha kupanda mwaka mzima. Mama yangu huku mpakani hajawahi kupanda nyingine. Hayo mengine wakubwa watakujibu.

HajatiWaBombo

Mwanangu MgeniKawempe, karibu. Kabla ya yote, acha kumwagilia hiyo rozimari. Leo usiiguse na kesho usiiguse. Huyo jirani wa kiu ukimsikiliza, wiki ijayo unaitupa.

Rozimari asili yake ni nchi za Mediterania, kwenye vilima vya mawe, ambako kiangazi chote hakuna mvua ya maana. Wewe umeileta Kawempe mwezi wa nne, hewa yenyewe imelowa, kisha unaongeza kopo la maji kila asubuhi. Ukiona majani yanakauka kuanzia chini kupanda juu, na udongo una majimaji, ujue mizizi inaoza. Mmea wenye kiu huanza kulegea juu, kwenye ncha changa.

Usiniamini kwa maneno. Sukuma kidole kwenye udongo wake hadi kiungo cha pili. Kikitoka na tope, jibu unalo. Halafu chana kile kifuko cheusi cha nailoni utazame mizizi. Yenye rangi ya maziwa, migumu, iko hai. Ya kahawia na laini, ivute taratibu kwa vidole viwili: ikioza, ganda la nje linatoka lote linabaki mkononi, ndani kinabaki kiuzi chembamba. Inuse pia. Udongo mzima unanuka udongo, uliooza unanuka mtaro.

Ukikuta hivyo, usikae kuombea ipone. Kata ncha za juu ambazo bado ni kijani, kama sentimita 10 kila moja. Pukuta majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mtupu wa kujengea uliouosha, weka kivulini, mchanga uwe na unyevu kidogo tu. Chomeka nane ili upate tatu, ndivyo ilivyo. Kuanzia wiki ya 4 hadi ya 8 zinatoa mizizi. Ukivuta kidogo na kijiti kikakugomea, kimeshika. Ukihamisha, nusu ya udongo iwe mchanga na samadi usiweke.

Sasa la kuanzia. Watu wanaanza na kile kinachopendeza kwenye picha. Mimi nasema anza na kile ambacho sokoni unakinunua tayari kina uhai wa kuota, ukila nusu upande nusu. Katika orodha yako ni mchaichai na nanaa, na nakuongezea kivumbasi.

Mchaichai Kalerwe ulizia kisubi. Geuza kila shina utazame chini. Lichukue ambalo kitako chake kigumu cheupe hakijakatwa, hata kama halina mzizi hata mmoja. Lililokatwa juu ya kitako ni la chai tu, haliwezi kuota. Fupisha majani yabaki shubiri moja, simamisha kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili au tatu utaona mizizi myeupe, hapo hamishia kwenye dumu. Mpe dumu zima peke yake, kwa sababu shina moja linazaa mengine mpaka linajaza. Hotelini kwangu hapa Bombo chai ya maziwa haishuki jikoni bila mchaichai, na wote unatoka nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna kingine kinachokubali. Ukivuna, kata majani ya nje. Usinyofoe katikati.

Nanaa ni kazi rahisi kuliko zote. Nunua fungu, chagua vijiti vinene, toa majani ya chini, maji kwenye kikombe, baada ya wiki moja au mbili ina mizizi. Ila iweke kwenye kopo lake. Inatambaa chini ya udongo, ukiichanganya na mwenzake mwisho wa msimu umebaki na nanaa tu. Na hiyo hamu yako ya kumwagilia kila asubuhi ipeleke huko, nanaa inapenda maji na haigombi na kivuli.

Mrehani wa Kitaliano unaouona Nakasero ni mzuri, lakini mvua ya masika ikiupiga wiki mbili unapata madoa meusi. Kivumbasi, ambacho Waganda wanakiita mujaaja, kipo karibu kila ua, kinakuwa kichaka kirefu kukupita, na jani lake kwenye chai linakaribia karafuu. Omba tawi kwa jirani, hata yule wa kiu anaweza kuwa nalo. Ukiona linataka kutoa maua, kata juu kidogo ya mahali majani mawili yanapotokea, hapo yatachipua matawi mawili. Ukiliachia likatoa maua yote, majani yanapungua na yanakuwa makali.

Dania ndiyo inayowashinda watu. KijanaWaMalaba yuko sawa kuhusu dania ya dukani, ila iwe haijakaangwa na haijakaa rafu ya juani miaka. Weka chache kwenye kitambaa kibichi kwanza, usipoona kitu ndani ya wiki mbili rudi duka lingine. Kile kipunje cha mviringo ndani yake kuna mbegu mbili. Kifikiche chini ya chupa hadi kigawanyike, sio kusaga, kisha loweka usiku mmoja. Panda papo hapo itakapokulia, kina cha sentimita moja, kwa sababu mzizi wake unashuka moja kwa moja chini na hautaki kuhamishwa. Siku 7 hadi 14 inatokeza, wakati mwingine wiki tatu, kwa hiyo usiifukue kuangalia. Na usipande yote mara moja! Jua likiwa kali inakimbilia maua na majani yanakuwa membamba, hayafai. Panda kiganja kimoja kila baada ya wiki mbili au tatu, hivyo ndivyo utakavyoacha kwenda Kalerwe.

Madumu yako usiyakate mdomo. Yalaze, kata ubavu mmoja wote wa juu, upate kisanduku kirefu. Toboa ubavu wa chini kwa msumari uliochomwa kwenye jiko, matundu kumi hadi kumi na tano, halafu liweke juu ya vipande vya tofali. Saruji ya baraza ikiwa imegusana na dumu, matundu ni bure, maji hayana pa kwenda. Lijaze likiwa mahali pake pa kudumu, maana dumu la udongo uliolowa linakaribia kilo 30.

Udongo: pakiti mbili za udongo wa juu, mweusi, wa chini ya migomba au mti wa mwembe kwa mtu unayemjua, moja samadi, moja mchanga. Nasema pakiti lakini pima kwa chochote, hata karai. Usiende kuchota lile tope jeusi la mitaro ya Bwaise na Lubigi hata kama linavutia, huko kunapita kila kitu cha mjini na wewe unataka kula majani mabichi. Na mbolea ya kuku wa mama mwenye nyumba ni bure kweli, ila ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike pembeni pamoja na majani makavu, funika, igeuze mara moja moja, iache miezi miwili au mitatu mpaka isinuke tena. Kwa sasa omba mavi ya mbuzi yaliyokauka, yale hayana hasira.

Kuhusu paketi: za mrehani na thaimu sina ubaya nazo, maduka ya Container Village mjini Kampala wanauza, tazama tu tarehe iliyochapwa nyuma. Picha haina kazi.

FundiJua

Hajati amemaliza udongo, mimi niongeze la juu. Kazi yangu ni kufunga sola, kwa hiyo siku nzima nafikiria jua liko upande gani.

Dada, umesema baraza linatazama kaskazini. Hapa Kampala tuko juu kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba linapita upande wa kaskazini, upande wako. Baada ya hapo linahamia kusini hadi Machi tena. Desemba, ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha mita moja na robo hivi kuelekea kaskazini saa sita na nusu mchana. Hicho ndicho kitakuwa barazani kwako, utashangaa mimea iliyokuwa inacheka inaanza kurefuka na kupauka.

Na hata sasa Aprili jua liko karibu utosini, bati la baraza linaziba sehemu kubwa. Chora mstari kwa chaki saa nne, saa sita na saa tisa uone jua linafika wapi. Rozimari na kivumbasi viwe ukingoni kabisa vipate saa sita za jua au zaidi, dania ifuate, nanaa ikae ukutani. Mwezi wa kumi unavitoa nje ya kivuli cha nyumba. Ndiyo maana kwa rozimari ningetumia kopo la rangi lenye mshikio badala ya dumu, unalibeba kwa mkono mmoja.

Ukipata nafasi pita Kyanja, KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji la Kampala, wana kituo cha kilimo wanaonyesha namna ya kulima sehemu ndogo mjini, magunia, masanduku na kadhalika. Ni bora kuona kwa macho.

MgeniKawempe

Asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Hajati, nimechana kifuko. Nusu ya mizizi imetoka na ganda kama ulivyosema, na ile harufu ya mtaro nimeisikia kabla sijainama. Ndani kulikuwa na donge la udongo mwekundu limejifunga, maji yamesimama chini yake. Nimekata ncha tisa, zipo kwenye mchanga chini ya meza.

Chaki nayo nimechora, watoto wa mpangaji wa tatu wakadhani ni mchezo wa kurukaruka, lakini mistari ya saa nne na saa tisa nimeiona. Saa sita jua linagusa ukingo tu, upana wa tofali moja na nusu.

Kuna jambo lingine limejitokeza. Mama mwenye nyumba ameona naandaa madumu, amefurahi, anasema moja nipande mululuza, ule mti wa majani machungu, na atanitafutia artemisia, ili tukipata malaria tusiende kununua dawa. Ni mtu mzima, sitaki kumkatalia hivi hivi. Mnasemaje?

NesiArua

Dada, mpandie mululuza wake. Hapa West Nile pia watu wanatumia majani machungu ya kila aina, sina vita na mtu mzima na kikombe chake. Mimi nina shida na neno "ili tusiende".

Artemisia ndiyo mmea ambao dawa za malaria za siku hizi zilitokana nao, hilo ni kweli na ndilo linalowachanganya watu. Lakini kwenye kidonge kipimo kinajulikana, na kimeunganishwa na dawa ya pili inayomalizia kazi. Kwenye chai, majani ya ua huu na ua ule hayana nguvu sawa, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo. Homa inashuka, mtu anaona amepona, vimelea vingine vimebaki na vimeshaonja dawa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia majani ya artemisia kwa namna yoyote kutibu au kuzuia malaria. Na huku kaskazini mwa Uganda si hadithi: mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini, hizo hizo zilizotokana na artemisia. Tukiendelea kuvionjesha tunajifungia mlango wenyewe.

Mwambie mama hivi, kwa heshima: "Mama, mululuza tutapanda, lakini mtoto akipata homa tunaenda kwanza kutobolewa kidole." Kituo cha afya cha serikali hawakutozi kipimo hicho. Mtoto chini ya miaka mitano au mjamzito asisubiri hata usiku mmoja. Ukimwambia "kwanza", hujamkatalia kitu chake.

Artemisia kwenye dumu mimi nisingeipanda. Lile dumu mpe dania.

KijanaWaMalaba

Nesi umesema. Swali dogo kwa Hajati: dania yangu majani yana vidudu vidogo vya kijani chini ya jani, vimejipanga. Nipulize nini?

HajatiWaBombo

Mwanangu wa Malaba, kitu unachokula kibichi usikipulizie dawa ya dukani. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, puliza chini ya majani jioni jua likishapoa, asubuhi suuza. Rudia baada ya siku tano. Wakikataa, ng'oa hayo mashina, si umepanda kwa zamu?

MgeniKawempe, kwa mama mwenye nyumba fuata maneno ya Nesi neno kwa neno, hata hilo la "kwanza". Na ukiwa unaongea naye mgusie kuku wake. Usimwombe awafungie, hatakubali. Mwombe ruhusa ya kufunika madumu. Pinda waya wa kuanikia nguo uwe upinde juu ya dumu, tandaza wavu wa vitunguu, ile mifuko myekundu wanayotupa sokoni, funga kwa kamba. Kuku anaparua mahali anapoona udongo wazi, kwa hiyo miche ikishafunika udongo hata wavu unaweza kuutoa. Chandarua cha malaria usikikate kwa kazi hiyo, Nesi asije akatugeukia sote.

Mchaichai usinunue. Alhamisi nakuja mjini kuchukua unga na sukari, taksi za Bombo zinapita hapo hapo kwako. Nitakuletea mashina sita yenye mizizi na tawi la kivumbasi. Nikifika Matugga nakuandikia, uwe umesimama kando ya barabara, maana kondakta hatanisubiri. Njoo na ndoo yenye maji kidogo, usije na kavera, mfuko wa plastiki.

MgeniKawempe

Hajati, nitakuwepo hata mvua ikinyesha. Nikuletee nini?

HajatiWaBombo

Kahawa ya Bukoba, kama mama yako bado anakutumia.

KijanaWaMalaba

Na mimi je, Hajati? Mchaichai wa Malaba ni ghali!

HajatiWaBombo

Wewe shughulika na sabuni.